Macho Meupe Si Cheti: Somo Fupi la Homa ya Ini

Muulize mwanachuo yeyote kama amechanjwa homa ya ini, uone majibu. Mmoja atasema ndiyo, alichanjwa alipokuwa anasafiri nje na kadi ya njano anayo. Hiyo ni chanjo ya homa ya manjano, ugonjwa mwingine kabisa unaoletwa na mbu. Wa pili atasema yeye haihitaji, macho yake ni meupe kama unga wa sembe. Wa tatu atacheka aseme hiyo ni shida ya walevi, yeye hata soda anakunywa kwa nadra. Wote watatu watakuwa wamejibu swali ambalo hukuwauliza.

Nasomea ualimu, na kazi ya mwalimu huanza kwenye maneno. Kwa hiyo tuyapange kwanza. Homa ya manjano ni ugonjwa wa virusi vinavyoenezwa na mbu. Manjano yenyewe, yaani macho na ngozi kugeuka rangi, si ugonjwa bali ni dalili, na inaweza kuletwa na mambo mengi. Homa ya ini ni kuvimba na kuumia kwa ini, mara nyingi kwa sababu ya virusi. Tatizo la jina hili ni lile neno "homa". Mtu anangoja apate joto, atetemeke, aumwe kichwa, ndipo aamini kuwa ini lake lina shida. Wengi wenye virusi hivi hawapati homa hata siku moja kwa miaka na miaka.

Ini lako liko upande wa kulia, chini ya mbavu, na kwa mtu mzima lina uzito wa kama kilo moja na nusu. Damu inayotoka matumboni haiendi moja kwa moja kwenye moyo. Inapitia kwanza hapo ini, na huko hukaguliwa kila ulichokula na kunywa: ugali wa mchana, chipsi yai ya usiku, panadol uliyomeza wakati wa mitihani, bia ya mwisho wa wiki. Ini hutunza sukari, hutengeneza protini zinazogandisha damu ukijikata, hutengeneza nyongo, na huvunjavunja sumu.

Manjano nayo inatokea hapo. Chembe nyekundu za damu huishi kama siku 120, kisha huvunjwa, na katika kuvunjwa kwake hutoka kitu cha rangi ya njano kinachoitwa bilirubini. Ini hukichukua, hukichakata na kukimwaga kwenye nyongo, na ndicho kinachofanya choo kiwe na rangi ya kahawia. Ini likishindwa kazi hiyo, bilirubini inabaki kwenye damu. Macho yanakuwa njano, mkojo unakuwa kama chai ya rangi iliyokolea, choo kinaweza kupauka. Lakini hata malaria kali au sikoseli inaweza kuleta macho ya njano, kwa sababu chembe za damu zinavunjika nyingi kwa mpigo kuliko ini linavyoweza kuzishughulikia. Kwa hiyo njano haithibitishi homa ya ini, na kukosa njano hakuikanushi.

Ini lina tabia mbili ambazo ni nzuri lakini zinatuponza. Ya kwanza, lina uwezo mkubwa wa akiba. Daktari wa upasuaji anaweza kuondoa zaidi ya nusu ya ini zima lenye afya na lililobaki likakua tena. Ya pili, ndani yake halina mishipa ya kuhisi maumivu. Kinachouma ni ngozi yake ya juu ikivutwa. Ukiweka mambo hayo mawili pamoja unapata kiungo kinachoweza kuharibika kwa miaka ishirini mwenyewe akiwa anacheza mpira kila jioni.

Virusi vya homa ya ini viko vya aina tano, vimepewa herufi A, B, C, D na E. A na E hupita kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Vinaugua kwa kasi na kwa kawaida vinapona, ila E ni hatari sana kwa mama mjamzito. Kaskazini mwa Uganda, wilaya ya Kitgum, mlipuko wa E ulioanza 2007 uligusa watu zaidi ya 10,000, wengi wakiwa kwenye makambi yenye shida ya maji na vyoo. B, C na D hupita kwa damu na majimaji ya mwili. D haiwezi kuishi peke yake, inapanda mgongoni mwa B, kwa hiyo ukijikinga na B umejikinga na D. C haina chanjo mpaka leo, lakini ina dawa: vidonge vya wiki nane hadi kumi na mbili vinaponya zaidi ya asilimia 95 ya wanaotibiwa. B ni kinyume chake. Chanjo ipo na ni nzuri sana, ila dawa ya kuing'oa kabisa bado.

Nitakaa kwenye B kwa sababu ndiyo inayotuhusu zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na B sugu, na kwamba homa za ini za virusi kwa jumla ziliua watu milioni 1.3 mwaka huo. Kirusi chenyewe kilifuatiliwa na Mmarekani Baruch Blumberg katika miaka ya 1960, aliyekuwa hata hatafuti homa ya ini. Alikuwa anachunguza tofauti za damu za watu wa sehemu mbalimbali za dunia, akakuta kitu cha ajabu kwenye damu ya mtu wa asili ya Australia. Baadaye ikajulikana kuwa ni ganda la kirusi cha B. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1976, na siku yake ya kuzaliwa, tarehe 28 Julai, ndiyo Siku ya Homa ya Ini Duniani.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea, hata wale wa sayansi. Kirusi cha B hakiui seli ya ini. Kinaingia ndani, kinaweka kipande cha maumbile yake kwenye kiini cha seli, na kinaitumia seli kama kiwanda cha kuzalisha virusi vingine. Seli inaendelea kuishi. Anayeiua ni askari wetu wenyewe, kinga ya mwili, inapogundua kuwa seli ile ina mgeni. Ni kama kuchoma nyumba ili umtoe nyoka. Ukipata maambukizi ukiwa mtu mzima mwenye kinga imara, vita inakuwa kubwa: unaweza kuchoka, kukosa hamu ya kula, kutapika, macho yakawa njano. Unaumwa kweli, lakini mara nyingi unashinda. Chini ya asilimia 5 ya watu wazima wanaoambukizwa hubaki na kirusi moja kwa moja.

Mtoto mchanga ni habari nyingine. Akikipata kwa mama yake wakati wa kuzaliwa, kinga yake changa haikitambui kama adui. Hakuna vita, hakuna njano, mtoto ananyonya na kunenepa. Na kwa sababu hakuna vita, kama asilimia 90 ya watoto hao hubaki na kirusi maisha. Yaani yule aliyeonekana mgonjwa sana ndiye mwenye nafasi kubwa ya kupona, na yule ambaye hakuna aliyemshuku ndiye anayekibeba mpaka chuo kikuu. Ukilielewa hili, utaelewa kwa nini kujitazama kwenye kioo si kipimo.

Baadaye, labda akiwa na miaka thelathini au arobaini, kinga huamka na kuanza mapambano ya chini chini. Seli zinakufa, zinaota nyingine, zinakufa tena. Palipoumia mara nyingi panaota kovu. Makovu yakizidi, ini linakuwa gumu lenye vinundu, damu inashindwa kupita. Madaktari wanaiita sirosisi, mtaani tunasema ini limesinyaa. Tumbo linajaa maji, miguu inavimba, mishipa ya koo la chakula inavimba na kupasuka, mtu anatapika damu. Sumu ambazo ini lingezisafisha zinafika kwenye ubongo, mgonjwa anachanganyikiwa, na ndugu wanaanza kutafuta nani kamloga. Wengine wanapata saratani ya ini, na kwa B saratani inaweza kuja hata kabla ini halijasinyaa.

Tanzania iliingiza chanjo ya B kwenye chanjo za watoto mwaka 2002, ikiwa imechanganywa na ile ya dondakoo, kifaduro na pepopunda. Hesabu ni rahisi. Mimi nina miaka 22, kizazi changu kimezaliwa pale pale mlangoni. Waliotutangulia, wale waliokuja chuo wakitokea stashahada au kazini, na walimu wetu wengi, hawakuikuta utotoni. Sisi wadogo tuliikuta, kama mama alikuwa karibu na kliniki na kama dozi zilikamilika. Ukienda nyumbani likizo, omba ile kadi ya kliniki iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vya ubatizo, utafute palipoandikwa DPT-HB na uhesabu tarehe: zinatakiwa tatu.

Hata hizo tatu zikiwepo, kuna tundu moja. Dozi hizo zimepangwa kuanza wiki kadhaa baada ya kuzaliwa. Aliyepata kirusi siku ya kuzaliwa alikuwa amekaa nacho wiki kadhaa kabla ya sindano ya kwanza, na chanjo haimtoi mgeni ambaye ameshaingia. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Na ndiyo maana mtu mzima anapimwa kwanza, chanjo baadaye.

Mwaka wangu wa pili, mwenzangu wa chumbani alikwenda kuchangia damu. Alikuwa mtu wa mazoezi, mwenye mwili wa kupendeza, na alichangia kwa sababu walikuwa wanagawa juisi na fulana. Damu ya kuchangia hupimwa VVU, kaswende na homa ya ini B na C. Baada ya muda alipigiwa simu aende kwa ushauri. Aliporudi alikaa kitandani bila kuvua viatu, akaniambia wamemkuta na B. Ameniruhusu niandike haya ila si jina lake.

Kilichofuata kilinifundisha kuliko somo lolote. Habari ilivuja, sijui kwa nani. Kesho yake sahani yake ilikuwa imetengwa peke yake dirishani. Binti mmoja wa chumba cha pili alihamisha ndoo. Jamani, kirusi cha B hakiambukizwi kwa kula sahani moja, kwa kukumbatiana, kwa kukohoa, kwa choo wala kwa mbu. Lakini wale wale waliotenga sahani walikuwa wanatumia wembe mmoja watu watatu kwenye kunyoana nyusi, na kikata kucha kimoja kilikuwa kinazunguka korido nzima. Hapo ndipo hatari ilipo. Kirusi hiki kinaweza kukaa nje ya mwili, kwenye tone la damu iliyokauka usiloliona, kwa siku saba au zaidi na bado kikaambukiza. Wembe, mashine ya kinyozi isiyosafishwa, mswaki wa kuazimana, sindano, vifaa vya kuchora tatuu, chale za kwa mganga, na ngono bila kondomu. Orodha ndiyo hiyo. Sahani haimo.

Shangazi yake alimtumia chupa ya dawa ya mizizi kwa basi, pamoja na maelekezo ya kunywa kikombe kizima asubuhi na jioni. Alinipa simu nimsaidie kusema, maana yeye alishindwa. "Shikamoo shangazi," nikaanza. "Marahaba mwanangu. Ameanza kunywa?" Nikamwambia daktari amemkataza kunywa dawa yoyote ambayo haijulikani kiasi chake, kwa sababu kila kinachonywewa ini ndilo linalokivunja, na hilo lake linahitaji kupumzika. Shangazi alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa hiyo dawa ya hospitali, yenyewe haipiti kwenye ini?" Swali zuri kabisa, na sikulidharau. Tofauti ni kwamba ya hospitali imepimwa kiasi, na mgonjwa anapimwa damu kuona ini linaipokeaje. Chupa hatukujua ndani yake mna nini. Alikubali, ila alisema chupa irudishwe, isimwagwe.

Majibu yake, kwa ufupi, yalikwenda hivi. Kipimo cha kwanza hutafuta lile ganda la kirusi, HBsAg. Likiwepo, una kirusi sasa hivi. Likiendelea kuwepo baada ya miezi sita, ni sugu. Kuna kipimo kingine kinachoonyesha askari dhidi ya ganda hilo, na ukiwa nao na ganda halipo, umekingwa, ama kwa chanjo ama kwa kuugua na kupona. Baada ya hapo madaktari huangalia wingi wa virusi, vimeng'enya vya ini, na hali ya makovu. Si kila mwenye B huanzishwa dawa siku hiyo hiyo. Wengine hufuatiliwa tu, kila baada ya miezi michache. Wanaohitaji hupewa vidonge kama tenofovir, ambayo ni dawa ile ile inayotumika pia kwenye VVU, kwa hiyo ukimwona mtu anaimeza usijitie daktari wa kusoma lebo. Dawa hiyo haikitoi kirusi kwenye kiini cha seli, inakifungia kiwanda. Mwenzangu yuko kwenye kundi la kufuatiliwa. Hachangii damu, hanywi pombe, rafiki yake wa kiume alipimwa na akachanjwa. Siku akiwa mjamzito atawaambia kliniki mapema, ili mtoto apate chanjo siku anapozaliwa. Ualimu hakuna anayemzuia.

Na hapa kwetu nyanda za kati kuna jambo la pili, ambalo vitabu vingi vya biolojia haviliweki kwenye ukurasa mmoja na homa ya ini.

Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha, shule ilikuwa wilaya ya Chemba. Nilikuwa nafundisha kidato cha tatu kuhusu utoaji taka mwilini, nikagusa ini na manjano. Mwanafunzi mmoja wa nyuma akainua mkono: "Mwalimu, ule ugonjwa wa 2016 uliomchukua babu, ulikuwa homa ya ini?" Darasa zima likanyamaza. Wengi walikuwa na umri wa miaka sita au saba wakati huo, lakini wanakumbuka.

Kilichotokea ni hiki. Katikati ya mwaka 2016, watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara walianza kuumwa tumbo, kutapika, kuharisha, macho yakawa njano. Mwanzoni uliitwa ugonjwa usiojulikana. Waliougua walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Uchunguzi ukaonyesha kuwa si kirusi. Ilikuwa sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga. Nilimjibu yule kijana hivyo hivyo: ini la babu lilishambuliwa, lakini aliyelishambulia hakuwa kirusi, alikuwa kwenye ghala.

Sumukuvu iligunduliwa kwa msiba wa kuku wa Kizungu, niseme hivyo. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na chanzo kikaonekana ni chakula chao kilichotengenezwa kwa karanga kutoka Brazili zilizokuwa na ukungu. Ukungu huo unapenda joto, na unaushambulia mmea uliodhoofika kwa ukame. Hebu fikiria Dodoma. Mvua inakatika mahindi yakiwa hayajajaza, punje zinapasuka, wadudu wanatoboa, tunavuna, tunaanika chini kwenye udongo, kisha tunafungia kwenye gunia kabla hayajakauka vizuri. Tumeuandalia ukungu nyumba na chakula.

Ukiipika haifi. Sumu hii huanza kuvunjika kwenye joto la zaidi ya nyuzi 200, na ugali unachemka kwenye 100. Ndani ya ini kuna kimeng'enya kinachojaribu kuisafisha, na katika kujaribu kinaigeuza kuwa kali zaidi, inayong'ang'ania kwenye vinasaba vya seli na kuviharibu. Ukila nyingi kwa mara moja, yanatokea ya 2016. Ukila kidogo kidogo kwa miaka, hutaona kitu, ila uwezekano wa saratani ya ini unapanda.

Na sasa viunganishe viwili. Wataalamu wa usalama wa chakula wamekadiria kuwa kiasi kile kile cha sumukuvu kina nguvu ya kuleta saratani kama mara 30 zaidi kwa mtu mwenye kirusi cha B kuliko kwa asiye nacho. Jirani zetu Kenya walipata mlipuko mkubwa zaidi mwaka 2004, kule Makueni na Kitui: waliougua 317, waliofariki 125. Watafiti waliwalinganisha wagonjwa na majirani zao wazima, na wakakuta kwamba wagonjwa walikuwa na B mara nyingi zaidi. Ini lililokwisha kuchoshwa na kirusi halina nguvu ya kupambana na sumu ya mahindi. Kwa mtu wa nyanda hizi, anayekula ugali mara mbili kwa siku na aliyezaliwa kabla ya chanjo, hizi si mada mbili tofauti.

Chuoni hatulimi, lakini gunia la kutoka nyumbani linafika, na geto nyingi za Ng'ong'ona zinaishi kwa unga huo hadi boom litoke. Chambua kabla ya kusaga: punje zilizovunjika, zilizotobolewa, zenye rangi ya kijani au nyeusi zitoke, na zikitoka usiwape kuku wala usizipeleke kwa mpika pombe, maana sumu inawafuata huko huko. Kukoboa kunapunguza sehemu kubwa ya sumu, kwa kuwa nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Najua wapenzi wa dona mtanuna. Dona ni nzuri kwa afya ikiwa mahindi yake ni masafi. Yakiwa ya mashaka, heri sembe. Karanga chungu au iliyosinyaa iteme, usiimeze kwa aibu ya watu. Na ukiwa nyumbani wakati wa mavuno, waonyeshe wazee jaribio la chumvi: weka mahindi kwenye chupa kavu na chumvi kavu, tikisa, iache dakika kumi na tano. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, yarudi kwenye turubai. Nilifanya jaribio hilo darasani Chemba kwa chupa ya maji ya nusu lita, na kesho yake wanafunzi wanne walikuja na majibu ya maghala ya kwao bila kutumwa.

Kuhusu kupima, hospitali kubwa za hapa mjini wanapima, na kipimo cha kwanza ni tone la damu tu. Uliza kwanza kama bima yako inalipia, na uliza bei ya chanjo kabla hujapanga foleni. Ukikutwa huna kirusi na huna kinga, chanjo ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita tangu ile ya kwanza. Watu wengi huishia ya pili kwa sababu ya likizo. Ukianza mwanzoni mwa Novemba, ya pili inaangukia Desemba kabla hujaenda nyumbani kwa Krismasi, na ya tatu ni Mei. Piga picha kadi yako siku ya kwanza, maana Mei hiyo utakuwa umeshahama chumba.